Mwaka Tuliopogoa Chai

Wasifu wa Baba niliuandika mimi. Mimi ndiye kifungua mimba, tena mwalimu, na kwetu mwalimu akiwamo katika familia hakuna mwingine anayeombwa kushika kalamu. Niliandika alivyobatizwa, alivyooa, alivyokuwa mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kituo cha kununulia chai. Niliandika pia kwamba alipenda watoto. Mchungaji alipousoma mbele ya jeneza watu waliguna kwa kukubali, na mwanamke mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba ni kweli, huyu mzee alilea watoto wa kijiji kizima. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki, nimebana mkoba mapajani, nikijua vizuri ni mwaka gani nimeuruka. Ndugu yangu Rono alikuwa kando yangu. Alifika asubuhi hiyo kutoka Nairobi, na tangu afike hakuwa amezungumza na mtu zaidi ya salamu. Upande wa pili wa hema, karibu na sufuria za wali, alisimama Kibet, mtoto wa jirani, siku hizi mwanamume mwenye ndevu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni. Katika miaka kumi na sita nimekutana na Kibet mara nyingi, kanisani, dukani, njiani, na mbele ya familia yetu sijawahi kuuona mkono huo ukiwa nje ya mfuko.

Mambo ya babu zangu na jinsi walivyofika kwenye kilima chetu, huku juu ya Bomet, nayaacha. Anayeyataka atawapata wazee wa kumsimulia. Ninachotaka kukisema ni cha mwaka mmoja tu. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne, nangoja kuitwa chuoni, na kungoja ndiyo ilikuwa kazi yangu. Ulikuwa mwaka wa kupogoa. Chai ikikaa miaka kadhaa huzeeka matawi, na dawa yake ni kuikata chini, usawa wa goti, ichipuke upya. Kwa miezi hiyo hakuna kuchuma. Shamba uliloliona jana likiwa kijani kibichi unaamka kuliona vijiti vitupu, mistari kwa mistari hadi mtoni. Mama aliona hawezi kukaa kutazama vijiti, akaenda kuchuma chai katika shamba moja kubwa upande wa Kericho, akawa anarudi nyumbani Jumamosi mchana na kuondoka Jumapili baada ya ibada. Baba alibaki kupogoa. Mimi nilibaki na jiko, na ng'ombe, na Rono, aliyekuwa na miaka tisa.

Stima ilikuwa imetufikia mwaka huo huo, na sebule yetu ilibadilika hata ikawa haijijui. Viti vilikuwa vile vile vyenye vitambaa alivyofuma Mama, kalenda ya kanisa ilikuwa pale pale ukutani, kibuyu cha mursik kilining'inia kwenye msumari wake na kutoa harufu yake ya moshi na maziwa makali. Lakini katikati sasa palikuwa na televisheni ndani ya kabati, na chini ya televisheni palikuwa na mashine ya gemu, nyeusi, aliyoileta Baba kutoka mjini Kericho ndani ya gunia kama mtu anayebeba kuku. Aliinunua kwa hofu. Pale kituoni palikuwa na mwanamke mfanyabiashara, Mama Njeri, ambaye jamaa zake walitoka upande wa Nyeri. Alitengeneza redio na kuweka skrini mbili za gemu kwa vijana. Baba aliamini kwamba mtoto akizoea kituo ataanza na gemu, aende kwa sigara, amalizie kwa pombe ya chang'aa. Akaona heri gemu aifungie nyumbani kwake mwenyewe. Hakumwuliza mtu yeyote ndani ya hiyo gemu mna nini.

Habari zilienea haraka. Akina mama ambao chai yao haikuwa imepogolewa walikuwa wakiondoka alfajiri na vikapu mgongoni, na wakati wa likizo ya shule hawakujua pa kuacha watoto. Basi wakaanza kuwaacha kwetu. Walipita na kibuyu cha maziwa au kabichi moja, wakaniambia Chela, huyu atakaa na Rono mpaka nirudi. Kufika mwezi wa nane sebule ilikuwa imejaa watoto saba, wanane, wameketi sakafuni magoti yamegusana. Ukimwuliza mama yeyote pale kilimani mtoto yuko wapi, alikujibu kwa moyo mkunjufu: yuko kwa Baba Chela. Baba alilipenda jibu hilo. Nami nilipenda vile televisheni ilivyowanyamazisha, kwa sababu nilipata nafasi ya kusoma riwaya zangu jikoni bila kuulizwa chochote. Nasema hili mapema ili lisije likafikiriwa kuwa nililisahau.

Kulikuwa na diski tatu: ya mpira, ya magari, na ya vita. Za mpira na magari zilichosha baada ya wiki. Ile ya vita ilikuwa na askari anayetambaa katika majani hadi nyuma ya mlinzi, anamshika kichwa, anampitishia kisu. Damu iliruka hadi kwenye kioo, kana kwamba kioo nacho kilikuwa pale. Mara ya kwanza kuiona nilikuwa nimebeba chai ya watoto, nikasimama na sinia mkononi. Wao hawakushtuka hata kidogo. Rono alikuwa akimfundisha Kibet, aliyekuwa na miaka saba, kwa sauti ya upole kabisa: lala chini, ngoja, usikimbie, ngoja akupe mgongo. Mchana huo Baba alipokuja kula nilimwambia. Alikuwa anamega ugali, akatafuna mpaka mwisho ndipo akanijibu. "Si hiyo ni katuni tu, Chela? Hakuna mtu anakufa hapo."

Nilisisitiza, na ili anyamazishe maneno yangu alikwenda kutazama mwenyewe. Alivua buti mlangoni, akaketi kwenye mkono wa kiti. Rono akamkabidhi kile kidude cha kuchezea, ambacho Baba alikiita rimoti, akamwonyesha kidole kiende wapi. Baba alikufa mara tano katika dakika kumi na watoto wakacheka hadi wakalala chali. Siku ya pili alirudi. Siku ya tatu alirudi kabla ya chai ya saa nne. Lazima niseme ukweli wote: sijawahi kumsikia Baba akicheka na Rono kama alivyocheka mwezi ule. Alikuwa mtu wa amri, na ghafla mtoto wake wa miaka tisa alikuwa ndiye mwalimu, akimwambia Baba, hapana, pole pole, watakusikia. Nilikuwa nasikia vicheko vyao nikiwa jikoni, nikafurahi, na nikaacha kulalamika. Hata Mama Kibet, siku moja alipokuja kumchukua mwanawe, alisimama mlangoni na kikapu chake, akatazama askari akichinjwa, akauliza kama watoto hawataota mambo hayo. Baba akamwuliza angependa Kibet awe hapa ama awe kwa Mama Njeri. Mama Kibet akacheka, akatua kikapu, akaketi kutazama kidogo.

Sasa kuhusu kisu. Kisu cha kupogolea si kisu cha jikoni. Ni kipana, kizito kama panga fupi, na Baba alikinoa kila asubuhi kwenye jiwe hadi kikanyoa vinyweleo vya mkono wake. Chai ikikatwa na kisu butu hupasuka na kuoza, kwa hiyo mpogoaji hodari hujulikana kwa makali yake. Baba alikuwa na sheria moja isiyovunjwa: kisu hakikai peke yake shambani hata dakika. Akija kunywa chai alikuja nacho kimefungwa kwenye gunia, akakichomeka juu ndani ya jiko, chini ya paa, mahali ambapo hata mimi nilihitaji kigoda. Tangu nikiwa mdogo sikuwahi kumwona akirudi kutoka kupogoa mikono mitupu.

Siku ile nilimwona. Ilikuwa asubuhi ya kijivu, baridi ya mwezi wa nane, nami nilikuwa namenya viazi dirishani. Rono alitoka mlangoni akapaza sauti kuelekea shambani: "Baba, kuja utusaidie, tumekwama." Baba alijibu kwamba anamaliza mstari. Rono akaita tena. Baba akaja, anatembea haraka kama kijana, akapita mbele ya dirisha langu, na mikono yake ilikuwa mitupu. Niliona. Nilifikiri, ameacha kisu, kisha nikafikiri, atarudi sasa hivi, kisha nikaendelea kumenya viazi. Alikaa ndani karibu saa nzima. Halafu stima ikapotea, watoto wakalia kwa pamoja kama kanisa, na Baba akatazama saa, akakumbuka kwamba alitakiwa kwenye mkutano kituoni. Alivaa koti, akaenda moja kwa moja kwa njia ya juu. Shambani hakupita.

Watoto wakatoka nje. Chai iliyopogolewa ni mahali pazuri pa kujificha kwa mtoto. Mashina yanamfika kiunoni na matawi yaliyokatwa yamelala kati ya mistari kama zulia. Kupitia dirisha nilimsikia Rono akigawa kazi. Wawili walikuwa wa kulinda upande wa ng'ombe, mmoja alikuwa mateka. "Kibet, wewe ni mlinzi. Simama hapo, angalia mto, usigeuke." Maneno hayo niliyajua. Nilikuwa nimeyasikia mwezi mzima, nilijua yanafuatwa na nini, na nilikuwa nimemwona Baba akipita mikono mitupu. Mambo haya mawili yalikuwa kichwani mwangu kwa wakati mmoja na sikuyaweka pamoja. Nilikuwa na sura moja iliyobaki kwenye riwaya, nikaona acha wacheze huko nje, angalau kuna utulivu.

Mlinzi wa kwenye gemu hageuki. Kibet aligeuka. Labda alisikia matawi yakivunjika, labda alichoka kutazama mto, alikuwa mtoto wa miaka saba. Aligeuka, akaona kisu, akainua mkono. Hakupiga kelele, nilichosikia ni watoto wengine kunyamaza. Nilipofika nilimkuta ameketi kati ya mistari, ameshika mkono wake wa kushoto kwa wa kulia, akiutazama kama kitu cha mtu mwingine, na majani makavu chini yake yamelowa. Rono alikuwa amesimama palepale na kisu, uso umemsawijika kwa hofu, anarudia jambo moja: "Amegeuka. Nilimwambia asigeuke." Nilimfunga Kibet mkono kwa leso yangu, nikambeba hadi barabarani, na bodaboda ikatupeleka Longisa, mimi nyuma nikiwa nimembana mtoto kifuani. Pale hospitalini waliyaokoa maisha yake. Lakini kano za kifundo cha mkono zilikuwa zimekatika, na daktari alimweleza Mama Kibet kwa upole kwamba ule mkono huenda usikunje vidole tena. Haukukunja. Huku kwetu chai huchumwa kwa mikono miwili, kulia kushoto, kulia kushoto. Mtoto wa mkono mmoja anajua mapema kwamba shamba la mama yake litachumwa na watu wengine.

Mama alirudi Jumamosi mchana. Nilikuwa sebuleni nakusanya vikombe na wao walikuwa chumbani, na ukuta wetu ni wa mbao. Nilimsikia Baba akisema alikiacha kwenye mstari, alikwenda mara moja tu. Kisha nikamsikia akilia, kwa sauti nyembamba ambayo sikuijua. Mama alimwacha alie. Halafu akamwuliza, sauti kavu kabisa, "Na wakikushika, hawa nitawalisha na nini? Chai yenyewe imekatwa." Baada ya hapo waliongea chini chini kwa muda mrefu. Walipotoka walimwita Rono, Mama akamtilia chai yenye sukari nyingi, akamketisha katikati yao, wakamfundisha maneno ya kwenda kusema. Alivunja kufuli ya stoo ya nyuma ya nyumba kwa jiwe, akachukua kisu. Mchezo wa kukata aliuona kwa Mama Njeri kituoni. Walimrudisha mwanzo kila alipokosea, kwa upole, kama wanavyomfundisha mtoto mstari wa Biblia wa kwenda kusema kanisani. Kufika jioni alikuwa akiyasema bila kukwama. Mimi niliambiwa kazi yangu ni kusema ndiyo.

Wazee wa kokwet, baraza la kijiji, walikutana uani kwetu wiki iliyofuata, kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani. Mambo hayo hayakupelekwa polisi. Watu walikubaliana kwamba ni ya majirani na yataisha kijirani. Rono alisimama mbele ya wanaume ishirini akasema yake yote. Mzee aliyeongoza kikao akanigeukia. "Chelangat, wewe ulikuwa hapa nyumbani. Ni ukweli?" Nikasema ni ukweli. Nilimtazama Mama Kibet nikisema hivyo, na yeye alikuwa anatazama viatu vyake. Alijua diski ile ilikuwa ya nani, aliwahi kuitazama akiwa kwenye kiti chetu. Lakini angeisema, angeulizwa kwa nini alimwacha mwanawe hapo, na hata pale mabenchini palikuwa na baba za watoto sita wengine ambao wangeulizwa swali hilo hilo. Baba alitoa ng'ombe na ndama wake bila kuombwa, na wazee wakasema amejibeba kama mwanamume.

Mama Njeri hakuitwa kwenye kikao. Alihukumiwa bila kujua kwamba ameshtakiwa. Watu waliacha kupeleka redio kwake, wakaacha kumsalimu, na siku moja mtu alivunja kioo cha dirisha lake. Nilikutana naye mara moja tu, kwenye foleni ya posho mill, mashine ya kusaga unga, nikiwa na debe la mahindi. Hakunifokea. Alinisogelea akasema, "Mimi huyo ndugu yako nilimfukuza mara mbili. Nilimwambia watoto wa primary hapana. Wewe unajua." Nilitazama mahindi yangu. Kabla ya mwezi kuisha alipakia vitu vyake kwenye pickup akaondoka, na sijui alikwenda wapi. Nimewahi kuuliza. Wanaomkumbuka wanasema tu, ah, yule wa gemu.

Baba aliirudisha mashine ndani ya gunia na sikuiona tena. Alimaliza kupogoa shamba peke yake, kisu kimefungwa kwenye kifundo cha mkono wake kwa kamba ya katani, na hakukifungua hata alipokuja kunywa chai. Rono alipelekwa shule ya bweni kule Sigowet, ambako hakuna aliyemjua, mpaka wakamjua. Likizo alikaa ndani. Akina mama wa kilimani walikuwa wakiwaita watoto wao anapopita, na sisi tuliosababisha tulikaa meza moja naye, tukampitishia mboga, tukamwacha abebe lawama. Nilijiambia nitamweleza akikua. Alipokua nikajiambia nitamweleza siku ambayo Baba atakuwa hayupo tena, ili Baba asiaibike. Aibu ya Baba niliitunza miaka kumi na sita, na ya Rono nikaiona ni yake mwenyewe.

Baada ya kumzika Baba wageni waliketi kula. Mjomba alimpa Rono kisu akamwomba asaidie kukata nyama, na Rono akasema hapana kwa sauti ndogo, akaondoka. Nilimfuata nyuma ya nyumba. Alikuwa amesimama mbele ya stoo, tai imelegezwa, mtu mzima wa miaka ishirini na mitano mwenye kazi nzuri, ambaye hajaoa na haelezi kwa nini. Bila kunitazama alianza kusema. Alisema kila akija nyumbani lazima aje hapa kwanza. Alisema anakumbuka lile jiwe lilivyokuwa na baridi mkononi, alivyopiga mara tatu, kufuli ilivyoachia na kuanguka juu ya buti lake. Alisema amejiuliza maisha yake yote ni mtoto wa aina gani anayevunja kufuli ili apate kisu.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi kwa siku kama hiyo. Nilichosema ni hiki: "Rono, hii stoo haijawahi kuwa na kufuli."

Alinitazama. Nikamweleza yote, nikiwa nimesimama kwenye matope na viatu vya mazishi. Kwamba kisu kilikuwa kwenye mstari. Kwamba Baba alikiacha kwa sababu yeye Rono alimwita, na alikuja kucheza, na alikuwa akicheza kila siku. Kwamba diski ilikuwa yetu. Kwamba nilimwona Baba akipita, nilimsikia yeye akimpanga Kibet, na sikuinuka. Kwamba walimfundisha kwa chai yenye sukari, na mimi nikasema ndiyo. Nilipomaliza aliugeukia mlango, akapitisha kidole kwenye fremu, kutoka juu hadi chini, pole pole, akitafuta tundu la msumari, alama ya komeo, chochote. Ubao ulikuwa mzima. Pale palikuwa na kipande cha mpira wa baiskeli tunachofungia mlango, kile kile cha tangu utoto wetu.

"Lakini huwa naisikia ikianguka," alisema.

Kisha akauliza kama Kibet anajua. Nikamwambia sijui. Aliosha mikono kwenye mfereji wa tenki, akaikausha kwa tai yake, akaelekea hemani, nami nikamfuata. Kibet alituona tukija, akaanza kutafuta pa kutua sahani yake, kwa sababu mkono mmoja hauwezi kushika sahani na kusalimu.